Subira Haifuti Haki: Aila na Madai ya Ajali Jijini Nairobi

Ni chache nyumba za Pwani zisizo na mtu wake Nairobi. Kijana yuko chuoni, binti ameolewa Kawangware, baba ana duka karibu na Msikiti wa Jamia, mjomba anaendesha teksi Westlands. Kwa hivyo ajali hutokea huko, na kilio kikasikika huku. Mwana amegongwa na matatu akivuka Waiyaki Way pale Kangemi. Dada ameanguka na bodaboda Naivasha Road. Ndugu ameporomoka kutoka kwenye jukwaa la mjengo. Sisi husema Inna lillahi, tukatafuta nauli ya basi, tukaenda Hospitali ya Kenyatta. Na katika siku hizo hizo za machozi, mara nyingi hutokea mtu mwenye bahasha.

Amekuja kutoa pole. Ndani ya bahasha mna shilingi elfu chache, na pamoja nayo karatasi ya kutia saini. Wazee husema, “Hili limeandikwa, tusimfuate mtu.” Saini inatiwa. Miezi ikipita, mguu haujapona, cherehani imelala, karo ya watoto haijalipwa. Na karatasi ile huenda ikatolewa kuwa ushahidi kwamba madai yalikwisha zamani.

Hatusemi pole isipokelewe. Tunasema kwamba kuridhika na kadari ni jambo moja, na kuacha haki bila ya kuijua ni jambo jingine. Qur’ani Tukufu yenyewe, katika Sura An-Nisaa aya ya 92, imezungumzia mauaji ya kukosea, yasiyo na nia. Hata hapo imewajibishwa diya kwa jamaa za aliyeuawa, isipokuwa wao wenyewe wakiifanya sadaka. Hapa tunapata mafunzo mawili: kwamba kutokusudia hakumwondolei mtu dhamana, na kwamba kusamehe ni kwa mwenye haki. Hawezi kusamehe ipasavyo asiyejua anachokisamehe.

Mahakama za Kenya hazihukumu diya. Wala Mahakama ya Kadhi haisikizi kesi za majeraha, kwani Kifungu cha 170 cha Katiba kimeipa mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Madai ya ajali hupelekwa mbele ya mahakimu, majaji, au Mahakama ya Madai Madogo.

Jambo la kwanza linalowakanganya wengi ni tofauti ya faini na fidia. Dereva akishtakiwa na polisi akatozwa faini, fedha hizo huingia serikalini. Majeruhi hapati hata ndururu. Fidia hudaiwa katika kesi nyingine, ya madai. Hata hivyo kesi ya polisi ina faida yake: dereva akipatikana na hatia na asikate rufaa, hukumu ile huwa ushahidi mzito katika madai. Na hata akiachiliwa, mlango wa madai haujafungwa, kwa sababu kipimo cha ushahidi katika madai ni chepesi zaidi.

Jambo la pili ni bima. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inamlazimisha kila mwenye chombo cha moto barabarani awe na bima ya kuwalinda watu wengine. Mpita njia wa Kangemi na abiria wa matatu wamo katika ulinzi huo. Kampuni ya bima hailazimiki kulipa zaidi ya shilingi milioni 3 kwa mdai mmoja. Kinachozidi humwelemea mwenye gari. Lakini kampuni hiyo lazima iarifiwe kesi mapema, kwa maandishi. Asiyeiarifu anaweza kushinda mahakamani na asipate wa kumlipa.

Kwa hivyo haki ya ajali huanza na makaratasi. Ripoti iandikwe kituo cha polisi, na nambari ya kitabu cha matukio, ile iitwayo OB, ihifadhiwe. Baadaye itakwe abstrakti ya polisi, inayoonyesha nambari ya gari, mwenyewe na bima yake. Fomu ya P3 ijazwe na daktari. Kila risiti ya dawa, ya picha ya mfupa, ya magongo na ya teksi ya kwenda kliniki iwekwe, kwani gharama zilizotumika hazilipwi kwa kukisiwa. Kila shilingi huombwa kwa kutajwa na huthibitishwa. Maumivu yenyewe na kupoteza uwezo wa kufanya kazi hukadiriwa na mahakama kwa kuangalia ripoti ya daktari na kesi zilizotangulia.

Akina mama wengi husema, “Mimi nauza viazi karai tu, sina hati ya mshahara. Nitadai nini?” Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ilikwisha kulijibu hilo: ilikataa kauli kwamba kazi ya mtu na pato lake huthibitishwa kwa vyeti na hati peke yake, kwa kuwa kufanya hivyo kungewadhulumu Wakenya wengi wasioandika mahesabu na ilhali wanajilisha kwa jasho lao. Mshonaji, msusi na mama wa viazi wana pato mbele ya sheria. Wateja, jirani, na hata daftari la chama vyaweza kushuhudia.

Ni insafu pia kusema kwamba lawama yaweza kugawanywa. Aliyevuka barabara kuu chini ya daraja la waendao kwa miguu, badala ya kupita juu yake, huenda akabebeshwa sehemu ya kosa, na fidia yake ikapungua kwa kadiri hiyo. Tusimfundishe shahidi kusema asichokiona ili kuikwepa hesabu hii. Haki inayodaiwa kwa uongo imekwisha kuwa dhulma.

Jambo la tatu ni wakati. Madai ya majeraha kwa uzembe yana miaka 3 tangu siku ya ajali. Gari likiwa la serikali, muda ni mwaka 1 tu. Mtoto aliyeumia hudaiwa na mzazi au mlezi kwa niaba yake, na si busara kungoja akue. Majeraha yasiyo makubwa yana njia fupi: Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021. Inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo ya fidia ya majeraha. Sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60, na mdai anaweza kusimama mwenyewe bila ya wakili.

Msiba ukiwa wa mauti, mambo huwa mazito zaidi. Sunna ni kuharakisha maziko, nasi tunaishika. Lakini kabla ya mwili kusafirishwa kwenda Mombasa au Lamu, mmoja wa jamaa na ahakikishe polisi wameandika kwamba kifo kimetokana na ajali, na kwamba kibali cha mazishi kinaonyesha sababu hiyo. Mjane akae eda yake ya miezi minne na siku kumi kwa utulivu. Hata hivyo miaka 3 ya sheria haisimami kumsubiri. Kaka yake au mwanawe na amkusanyie makaratasi.

Hapa pana jambo ambalo wajane wengi hawajaambiwa. Kifo cha ajali huzaa madai ya namna mbili. Sheria ya Ajali za Mauti, Sura ya 32, ni kwa ajili ya waliokuwa wakimtegemea marehemu: mume au mke, wazazi na watoto. Fedha zake hugawanywa kama mahakama itakavyoamua, kwa kuangalia nani alimtegemea na kwa kiasi gani. Sheria nyingine, Sura ya 26, ni kwa ajili ya mali ya marehemu mwenyewe. Hiyo hudaiwa na msimamizi aliyeidhinishwa na mahakama, nayo huingia katika tarika na kurithiwa kwa mafungu yanayojulikana. Kwa sheria ya nchi, basi, shangazi au ami asiyekuwa mtegemezi hana fungu katika ile ya kwanza. Ni vyema hukumu ya mahakama isomwe mbele ya aila nzima, na penye shaka aulizwe kadhi, kabla ya fedha za mayatima kuingia katika mifuko isiyokuwa yao.

Tahadhari nyingine ni madalali. Wako kwenye mabaraza ya hospitali na nje ya vituo vya polisi, na hutangulia hata jamaa. Wakili wa kweli ana leseni ya kila mwaka, na jina lake laweza kuulizwa kwa Chama cha Mawakili Kenya. Mapatano ya “usinilipe mpaka tushinde” hayana nguvu katika Sheria ya Mawakili. Gharama zielezwe kwa maandishi tangu mwanzo. Asiye na uwezo aulize Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa mwaka 1973, chenye ofisi Nairobi na Mombasa, au huduma ya taifa ya msaada wa kisheria iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016.

Mwisho tujitazame wenyewe, maana mizani ya haki ina pande mbili. Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, ambayo Mahakama ya Juu iliithibitisha Desemba 2019, haimlindi fundi wa mjengo wa Westlands peke yake. Inamlinda kila mwajiriwa, na binti anayetupikia nyumbani yumo. Akiungua kwa mafuta ya moto jikoni mwetu, gharama ya matibabu ni juu yetu. Ajali inapasa kuripotiwa kwa mkurugenzi wa usalama kazini ndani ya siku 7, na yeye ana miezi 12 ya kudai. Kumrudisha kwao na bahasha na neno la subira ni kumfanyia lile lile tunalolilalamikia.

Tumpe binti huyo anachostahiki kabla hajakiomba, nasi tukiumizwa tudai chetu kwa ukweli na kwa wakati. Baada ya hapo, mwenye kutaka kusamehe na asamehe, naye anajua alichotoa. Mola atuhifadhi njiani na makazini, atupe subira isiyo unyonge, na haki isiyo na dhulma.