Tulinunua amortiseri, kumbe ni silambloki



Katika kurasa hizi mmezoea kunisoma juu ya mahindi: nafasi kati ya mistari, kiwavi jeshi, namna ya kukausha mbele ya kuweka ndani ya gunia. Leo nataka kuzungumza juu ya kipande cha mpira kinachoenea ndani ya kiganja cha mkono. Mtaniuliza, agronome ameingia garaji lini? Nimeingia kwa sababu ya kosa, na karatasi ya kosa lile niliitia sahihi mimi mwenyewe.

Koperative moja ninayofuatilia upande wa barabara ya Kasenga iko na motokari ya zamani, Toyota Land Cruiser HZJ75, pikap yenye lame mbele na nyuma. Inapeleka mahindi na nyanya Lubumbashi, inarudi na mbolea na mbegu. Msimu wa mvua uliopita ilianza kugonga chini: klok, klok, kila inapoingia shimo, na tena shoferi anapokanyaga breki. Volani haikutulia. Shoferi anashika njia, motokari inatafuta mtaro. Mapine ya mbele yakaanza kuliwa, la kushoto kuliko la kuume. Nyanya zilifika sokoni zimekuwa supu, na wamama waliotoa nyanya zile hawakufurahi hata kidogo.

Komite ikasema shoferi anakimbiza. Garaji moja ya mjini ikaangalia muda wa kunywa chai, ikasema ni amortiseri, zote nne. Nilikuwa pale kama mtu wa masomo, wakaniuliza, nikasema sawa. Pesa ya magunia 11 ya mahindi ikaenda. Siku chache ilionekana kama motokari imepona, juu amortiseri mpya zinatuliza ngoma kidogo. Halafu klok ikarudi. Komite ikamsimamisha shoferi katikati ya mwezi wa kuvuna, bila mshahara.

Alikuja kwangu jioni. Hakuomba kazi. Alisema: "Agronome, banasema miye njo naharibisha motokari. Lakini hakuna mutu mwenye alilala chini akaangalia. Wewe ulilala chini?"

Sikuwa nimelala chini.

Kesho yake tuliweka gunia tupu mu lupango ya koperative, nikalala. Magurudumu yote manne yalikuwa yanakanyaga udongo, mawe mbele na nyuma, breki ya mkono imevutwa, injini imezimwa. Akaingiza chuma kirefu kati ya ncha ya lame na jumeli, vile vibati viwili vinavyoshika lame kwenye shasi, akasukuma kidogo. Lame nzima ikacheza. Kwenye tundu mpira ulikuwa umebakia kidogo tu, umetoka kando kama bukari inayofinywa kati ya vidole. Kandokando kulikuwa vumbi jekundu. Si vumbi la barabara yetu, ingawa rangi inafanana. Lilikuwa kutu ya chuma kinachosaga chuma.

Halafu tulichukua kamba. Magurudumu yakiwa yamenyooka, tulipima toka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya lile la nyuma, upande wa kushoto, kisha wa kuume. Kushoto kulikuwa kufupi kwa upana wa kidole. Maana yake ekseli ilikuwa imekaa mshazari chini ya motokari, na shoferi alikuwa akipigana nayo kila siku kwa mikono yake. Mtu wa koperative anaweza kufanya kipimo hiki kwa dakika kumi, bila kulipa franka hata moja.

Silambloki ni nini

Kila mkulima anajua jembe linalocheza kwenye mpini. Unapiga, linageuka, linaumiza mkono, na kila siku tundu la mpini linapanuka zaidi. Ndiyo sababu wazee wanakaza na kipande cha kitambaa au cha shambrea. Silambloki ni ile shambrea. Inakaa kati ya chuma na chuma, inaruhusu lame kupanda na kushuka, inakataza kwenda kando, na inakula kelele. Ikiisha, chuma kinapiga chuma, tundu linapanuka, pini inaliwa kiuno kama cha nyigu, na amortiseri inafanya kazi isiyo yake mpaka nayo inakufa.

Kwenye motokari hii, kila fungu la lame liko na matundu 3 ya silambloki: mawili kwenye ncha zake, na moja juu kwenye shasi, mahali jumeli inashika. Kila tundu linapokea vipande 2, kimoja toka kila upande. Ni vipande 6 kwa fungu, 24 kwa motokari nzima. Vyote 24, pamoja na pini 3 mpya, havikufika pesa ya magunia 3. Nimeandika hesabu hiyo kwenye kitabu cha koperative chini ya ile ya magunia 11, ili zisomwe pamoja.

Nani aliua mipira? Barabara, ndiyo. Ile njia inayokuwa kama bati mwezi wa saba inatingisha kila kitu. Mzigo, zaidi sana. Motokari kama hii ilitengenezwa kubeba tani moja hivi. Sisi tulikuwa tunapakia magunia 40 ya kilo 50, ni kilo 2.000, na watu juu, na mbuzi. Lakini muuaji wa tatu alikuwa ndani ya nyumba: kijana anayesafisha motokari alikuwa anapaka mafuta machafu ya injini kwenye lame kila juma, ili zisilie. Hakukosa kwa ubaya. Aliona kwenye malori, na malori mengi yako na bushi za chuma ao za shaba, zinazoomba grese. Mpira wa kawaida ukinywa mafuta unavimba, unalainika, unapasuka. Kama mpira unalia, mafuta yatanyamazisha kilio juma moja tu, na ugonjwa utaendelea.

Kubadilisha

Tulifanya siku ya Jumamosi, shoferi, kijana na mimi, pamoja na fundi mmoja wa kijiji anayetengeneza mashini za kusaga. Nitasimamia zaidi mahali panapoua watu na mahali panapoua kazi.

Panapoua watu ni kriki. Motokari iliyosimama juu ya kriki peke yake haina mtu chini. Hakuna "dakika moja tu". Wala usipange matofali ao mawe, hupasuka bila kutoa habari. Sisi tulikata magogo ya mti mgumu, tukapanga mawili hivi na mawili vile, kwenye udongo mkavu na wa sawasawa, shasi ikalala juu yake. Tuliisukuma kwa mikono kwanza kuona kama inayumba, na mawe yalibaki kwenye magurudumu ya upande mwingine. Kriki ya pili tuliiweka chini ya ekseli, na hiyo ndiyo siri ya kazi. Unapandisha na kushusha ekseli polepole mpaka lame haivuti wala haisukumi. Hapo pini inatoka kwa nyundo ndogo. Ukiona unapiga kwa nguvu zote, simama, ekseli haiko mahali pake.

Bulo zenye kutu tulizipiga brosi ya chuma na kuzilowesha mazuti tangu jana yake. Hiyo haina shida, mipira ya zamani inatupwa. Lakini mbele ya kuweka mipya lazima mazuti yote yafutwe.

Fundi alitaka kuchoma mipira iliyoganda ndani ya tundu, ndivyo wengi wanafanya. Nilikataa. Moshi wake ni sumu, na chuma cha lame kilipewa nguvu yake kwa moto wa kiasi na kupozwa kwa kiasi. Ukikichoma kwenye jicho lake unakilegeza, na siku moja kitakatika na mzigo juu. Tulikata kwa kisu na kuvuta vipandevipande. Ilichukua saa nzima kwa tundu moja. Basi.

Ndani ya tundu tulisafisha mpaka chuma kikang'aa, na kila pini tuliipitishia ukucha. Ukucha ukikwama kwenye ngazi, pini imekwisha. Kuweka mpira mpya juu ya pini iliyoliwa ni kupanda mbegu nzuri mahali pa maji yaliyosimama. Tatu zilikuwa hivyo. Tuliangalia pia bulo ya katikati inayofunga lame pamoja, juu ikikatika nayo inaruhusu ekseli kuteleza. Ilikuwa nzima.

Mipira mipya inaingia kwa maji ya sabuni. Sabuni ya kufulia, ile ya kawaida. Inateleza, halafu inakauka. Kisha pini, kisha ekru, na hapa ndipo panapoua kazi: ekru zinakazwa kwa mkono tu, zisikazwe mwisho motokari ikiwa hewani. Rudisha magurudumu, toa magogo, shusha chini, watu wawili wapande na kushuka nyuma mara kadhaa ili lame zijipange. Sasa kaza. Ukikaza motokari ikiwa imening'inia, mpira unabanwa katika mkao ule. Ikishuka chini unakuwa umejipinda tayari mbele ya safari kuanza, na shimo la kwanza linaupinda mara ya pili. Utasikia klok mbele ya msimu kuisha, na utasema dukani walikuuzia kitu cha uongo.

Motokari ndogo, kama zile taksi zinazokuja hadi kwetu kiangazi, ziko na silambloki za namna nyingine, mpira ulioshikana na bomba la chuma, unaoingizwa kwa nguvu ndani ya mkono wa gurudumu. Zile zinaomba presi. Ukiwa mbali na mji, fundi mwangalifu anaweza kukata lile bomba kwa msumeno wa chuma toka ndani bila kugusa mkono wenyewe, na kuvuta jipya kwa bulo ndefu na kipande cha bomba kubwa. Lakini sheria ya kukaza ni ileile, na kwao ni kali zaidi.

Juu ya kununua. Finya mpira kati ya vidole. Ukipasuka vinyufa vidogo kama udongo wa kiangazi, ulikaa sana dukani, uache. Kuna vile vigumu vya rangi, vyekundu ao vya manjano. Vinavumilia mafuta na vinadumu, lakini vinaomba grese yao ya pekee na vinaleta mtingisho wote hadi kwenye kiti. Na kuna vile ambavyo vijana wa mjini wanachonga toka mapine ya lori. Sivichekeshi. Vimerudisha watu wengi nyumbani usiku. Lakini havikai sawa kwenye tundu, na kwa motokari inayobeba nyanya za watu 60, ni vya kufikia nyumbani tu. Chochote mnachochagua, badilisheni kushoto na kuume siku moja, la sivyo ekseli itabaki na upande mmoja legevu.

Tuliimaliza Jumatatu, si Jumamosi kama nilivyoahidi. Tulipima tena kwa kamba. Kushoto na kuume sawasawa. Safari ya kwanza ilikuwa magunia 20, hayakuzidi, na waliporudi shoferi alikaza tena ekru zote, juu mpira mpya unakaa chini kidogo baada ya kilometa za kwanza.

Ndiyo, ni yeye aliyeendesha. Komite ilimrudisha, mama prezidente mwenyewe alikwenda kwake asubuhi. Mshahara wa juma tano alizokaa nyumbani bado haujalipwa. Nimeomba uandikwe wa kwanza kwenye mambo ya mkutano mkuu ujao, pamoja na jina la aliyetia sahihi karatasi ya amortiseri. Mipira ya zamani, vipande 24, tumeiweka ndani ya ndoo kwenye mlango wa depo. Anayetaka kujua silambloki iliyokufa inafananaje apite aishike.