Elimu ya Kompyuta, Sehemu ya Sita: Kurejesha Mafaili Mahali Pasipo pa Asili

Habari za wafanyabiashara wa Soko Kuu la Kariakoo kuorodheshwa na kuhakikiwa ili warejee katika soko lililoungua usiku wa 10 Julai 2021, jengo lile la miamvuli ya zege alilolisanifu marehemu Beda Amuli na ambalo lilifunguliwa mwaka 1975, zimenipa sababu ya kuitanguliza mada niliyokusudia kuiakhirisha: je, hesabu zilizohifadhiwa kutoka katika kompyuta iliyokuwa Kariakoo zaweza kufunguliwa katika kompyuta nyingine, iliyoko Kisutu au Machinga Complex, ilhali saraka za hii hazifanani na saraka za ile? Msomaji aliyefuatana nami tangu sehemu ya kwanza anajua robota la mafaili ni kitu gani, yaani mafaili mengi yaliyofungashwa pamoja, na anajua kwa nini nilimsihi asiliweke chini ya paa lile lile analofanyia biashara. Waliolitimiza sharti hilo wamefanya nusu ya kazi; nusu ya pili ni kulifungua robota hilo mahali pengine.

Shida yenyewe ni kongwe kuliko umri wa wengi wanaohangaika nayo leo. Mwaka 1983 kompyuta za IBM zilipopata DOS toleo la 2.0, zilipata kwa mara ya kwanza saraka zilizopangwa kwa matawi, na pamoja nazo amri mbili, BACKUP ya kuhifadhi na RESTORE ya kurejesha. Amri hii ya pili ilikuwa na ukaidi wa ajabu, kwani ilirudisha kila faili katika saraka yenye jina lile lile ilikotoka, wala haikukubali kuelekezwa kwenye saraka nyingine. Hata mtu aliyetaka kuzifungua hesabu za mwaka jana kando katika diski ile ile, apate kuzilinganisha na za mwaka huu, alilazimika kuzirudisha palepale penye hesabu mpya, na kuziweka hizo mpya katika hatari ya kufunikwa na za kale. Hapa kwetu Tanzania, ambapo uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku mwaka 1974, ukaidi huo wengi hatukuuona kwa macho wakati wake, lakini programu tulizokuja kuzipokea baadaye zilikuwa zimekwisha kuurithi.

Lakini kisa ambacho kwa miaka mingi sijachoka kukisimulia ni cha programu iitwayo tar, iliyotoka Bell Labs ya Marekani pamoja na toleo la 7 la Unix mwezi wa Januari 1979, zama ambazo akiba iliwekwa katika utepe wa sumaku. Ndani ya robota la tar kila faili hutanguliwa na kibandiko cha baiti 512, na katika kibandiko hicho huandikwa ukubwa wa faili, saa ilipobadilishwa mara ya mwisho, namba ya mwenyewe, na jina lake pamoja na njia ya kuifikia, ambavyo katika umbo lile la kwanza vilipewa nafasi ya herufi 100 basi. Humo katika njia ndimo mlimo siri yote. Aliyefungasha akiandika /duka/hesabu/2021, kwa kuanza na mkwaju, ameandika njia kamili itokayo kwenye mzizi wa kompyuta, na tar za zamani zilirudisha faili hapo hapo, liwalo na liwe. Akiandika hesabu/2021, pasipo mkwaju wa mwanzo, faili itafunguka chini ya saraka yoyote atakayosimama mrejeshaji. Tofauti ni alama moja. Tar ya GNU, inayotumiwa na watu wengi siku hizi, huuondoa mkwaju huo kwa desturi yake na kumjulisha mtumiaji kwamba imeuondoa, na asiyeridhika hana budi kuandika -P kwa mkono wake. Kisha kanuni za POSIX za mwaka 1988 zikaongeza katika kibandiko jina la mwenye faili kwa herufi, kwa kuwa namba 501 yaweza kuwa ya mwenye duka katika kompyuta hii, na ya karani wake katika kompyuta ile.

Waliotunga kanuni hizo walimfikiria mtu wasiyemjua, atakayefungua robota mahali wasipopajua, na mimi nauhesabu moyo huo kuwa uaminifu wa daraja ya juu kabisa katika ufundi wote huu. Kinyume chake ni fundi amwuziaye mwenye duka programu ya hesabu iliyokazwa kwenye saraka moja ya C:\ asimwambie, hata siku diski ikifa maskini yule awe hana pa kukimbilia ila kwake, akalipe upya kwa kitu kilicho chake. Hiyo ni khiyana, na wanunuzi wauliziane habari zake kabla ya kutoa fedha. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipa kodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka mitano kwa uchache, na ndani ya miaka isiyotimia mitano tumeona Soko Kuu likiungua, Soko la Karume likiungua Januari 2022, na ghorofa ya Kariakoo ikiporomoka tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu.

Kwa mwenye haja ya leo leo, basi, aanze kwa kuzisoma njia zilizomo kabla ya kufungua chochote, kwa amri ya tar -tf akiba.tar, kisha aunde saraka tupu, tuseme /majaribio, na kufungua humo kwa tar -xf akiba.tar -C /majaribio, akiongeza --strip-components=1 ikiwa ataka kuikata ngazi ya kwanza ya saraka za zamani. Mtumiaji wa Windows mwenye robota la zip achague mwenyewe folda ya kufungulia, asikubali tu ile anayopendekezewa. Halafu achukue mauzo ya mwezi mmoja ayalinganishe na ripoti za Z, za mauzo ya kila siku, kutoka mashine yake ya risiti (EFD), na yakipatana ndipo azihamishe hesabu zake mahali pa kudumu. Namna ya kuieleza programu yenyewe ya hesabu kwamba mafaili yake sasa yako kwingine nitaieleza katika sehemu ya saba.