Unajitengenezea Taa za Krisi? Soma Hii Kabla Uchomeke

Krisi ndio hiyo, na umeamua taa hununui, utajiundia. Poa sana. LED za Luthuli, waya kidogo, tawi la saipresi, keja inang'aa.

Sasa kuna ile njia ya mtaa: unaunga LED nyeupe 80 kwa laini moja, unachomeka soketi moja kwa moja. Hesabu inakubali, kila moja inakula volti 3 hivi, jumla 240, na stima yetu ni 240. Zitawaka, manze. Noma ni kwamba kila mahali ulifunga na selotepu sasa ni kama kidole ndani ya soketi. Katoto kakivuta waya, kameguza stima yenyewe. Na kama keja ni ya mabati? Waya ikikwaruzwa na msumari, ukuta mzima unaweza kupiga mtu shoti, hata jirani anayeanika nguo nje.

Tumia adapta ya volti 12, ile ya ruta iliyokufa. Unga LED 3 nyeupe na rezista moja ya omu 150, hiyo ni laini moja. Rudia, kila laini ikianzia kwa adapta. Ya ampea 1 ibebeshe laini 40, usizidishe. Waya ikiachana, ukiishika huskii kitu.

Adapta usiifiche chini ya pamba ya "theluji". Saipresi ikikauka inashika moto haraka kuliko unavyodhani. Ukienda kulala, chomoa. Hakuna mtu anaziangalia saa nane usiku.