Tiketi Inauza Bahari, Haiuzi Bandari

Kabla nahodha hajatuambia lolote, shemeji yangu alikwisha kujua.

Tulikuwa tumekaa mkahawani, ghorofa ya tisa, siku ya pili tangu meli iondoke Southampton. Bahari ya Kaskazini ilikuwa imetulia kama maji ya mtungini. Shemeji aliweka kiganja juu ya meza akakiacha pale, kama mtu anayempima mtoto homa. Mbele yake kikombe kilikuwa kikitetemeka, viduara vidogo vikicheza juu ya chai.

"Shemeji," akaniambia, "meli hii inakwenda kwa mguu mmoja."

Mzee huyu amefanya kazi miaka 26 katika vyumba vya mashine vya meli za mizigo, tangu anapaka grisi hadi akawa injinia wa pili. Mimi ni muuguzi mstaafu, ninayejua mapigo ya moyo kuliko mapigo ya injini. Nimeishi Southampton miaka 22, nikiziona meli hizi za kitalii zikipita jioni na taa zake kama mtaa mzima uliong'oka ukaamua kusafiri. Dada yangu mkubwa na mumewe walipokuja kunitembelea kutoka Unguja, nikasema sasa ndiyo wakati. Tukakata safari ya usiku 7 kwenda Norway: Stavanger, Geiranger, Ålesund, Bergen, kisha nyumbani.

Dada alikuwa na sababu yake. Katika hori la Geiranger kuna maporomoko saba yanayoteremka bega kwa bega kwenye ubavu wa mlima, na wenyewe huyaita Dada Saba. Kwetu tulizaliwa wasichana saba. Tumebaki wanne. Dada alitaka kusimama mbele ya maji yale apigwe picha, awapelekee wale wawili waliobaki Unguja.

Stavanger tulitakiwa kufika saa 2 asubuhi. Tulifunga gatini saa 7 mchana. Jioni ile sauti ya nahodha ikatoka kwenye spika: mota moja kati ya mbili zinazozungusha rafadha imepata hitilafu, mafundi wako kazini, usalama wa meli hauna shaka, ila Geiranger na Ålesund zimefutwa. Tutalala Stavanger, tukae Bergen siku mbili, halafu tuanze kurudi mapema.

Dada alikuwa ameshika kijiko. Akakiweka chini, wala hakusema kitu.

Mota moja, bandari mbili

Swali la kila meza lilikuwa hilo hilo: taa zinawaka, chakula ni cha moto, meli inaelea. Kinaizuia nini kufika? Shemeji alinieleza kwa namna ambayo mpaka leo nawaelezea wengine.

Meli nyingi za kitalii za siku hizi ni kama mji wenye kituo chake cha umeme. Injini kadhaa za dizeli huendesha jenereta, na umeme ule mmoja hugawanywa: fungu moja linakwenda kwenye mota za rafadha, jingine kwenye majiko, viyoyozi, mitambo ya kuyafanya maji ya bahari yanyweke, hata vyoo, ambavyo huvuta uchafu kwa nguvu ya hewa. Ndiyo maana mota ya rafadha inaweza kufa na abiria asikose hata kipande cha barafu kwenye juisi yake. Meli ni nzima kama hoteli, lakini kama chombo cha safari ni mgonjwa.

Halafu kuna kasi, na kasi ya meli ina bei ya ajabu. Ukitaka kwenda mara mbili ya mwendo ulio nao, nguvu inayotakiwa si mara mbili, ni karibu mara nane, kwa kuwa maji hukataa kusukumwa kwa haraka. Hesabu hiyo ukiigeuza inaleta faraja: meli iliyopoteza nusu ya nguvu haipotezi nusu ya mwendo. Iliyokuwa ikienda maili 20 za bahari kwa saa bado itakwenda kiasi cha maili 16.

"Basi si afadhali?" nikamuuliza.

"Afadhali ya kufika nyumbani, si ya kufuata ratiba." Akachukua mfano wa masafa ya maili 400. Kwa mwendo wa 20 ni saa 20, kwa mwendo wa 16 ni saa 25. Hizo saa 5 ndizo zinazoua. Gati limepangiwa meli kwa saa zake, rubani wa kuiongoza ana zamu yake, mabasi ya ziara yanasubiri, na nyuma yako kuna meli nyingine inayolitaka gati hilo hilo. Juu ya yote, Jumamosi inayofuata kuna maelfu ya watu Southampton watakaosimama na masanduku yao wakiingoja meli hii hii. Kwa hiyo nahodha huhesabu kinyumenyume, kuanzia siku ya kurudi, na bandari ya mbali ndiyo ya kwanza kukatwa. Geiranger iko mbali, tena mwisho kabisa wa hori jembamba lililobanwa na milima. "Pale," alisema shemeji, "huingii kwa kuchechemea."

Waliopata makubwa kuliko sisi

Mzee mmoja Mwingereza tuliyekaa naye meza moja alitukumbusha kisa cha Queen Mary 2. Januari 2006, ikitoka Fort Lauderdale, Marekani, meli hiyo iligusa ukingo wa mkondo, na moja ya podi zake nne, zile mota zinazoning'inia chini ya meli na rafadha zake, ikaharibika. Ikaendelea kwenda Rio de Janeiro kwa mwendo wa pole, ikaziruka Barbados, St Kitts na Salvador. Kampuni ilitoa nusu ya nauli. Abiria wakasema hawatashuka Rio. Mwishowe wakarudishiwa nauli yote.

Wa Villa Vie Odyssey waliufanya mkwamo kuwa maskani. Meli hiyo ilikuwa ianze mwaka 2024 safari ya kuizunguka dunia kwa zaidi ya miaka mitatu. Ilifika Belfast kwa matengenezo, usukani na gia vikagoma, ikakaa kwenye karakana ya Harland & Wolff, pale pale ilipojengwa Titanic, tangu masika hadi Septemba ikiisha. Mchana abiria waliruhusiwa kuingia melini wakala, usiku wakalala hotelini. Wengine walitumia miezi ile kutembea Ulaya, wengine wakawa wateja wa kudumu wa baa za mjini.

Kisa alichokikumbuka shemeji ni cha bahari ya kwetu. Tarehe 27 Februari 2012 Costa Allegra, ikitoka Madagaska kwenda Shelisheli na watu zaidi ya 1,000, ilipata moto kwenye chumba cha jenereta. Moto ulizimwa, lakini umeme haukurudi. Kwa joto la Februari na viyoyozi vimekufa, watu walilala kwenye sitaha. Helikopta zilileta mikate na tochi. Iliyowavuta mpaka kisiwa cha Mahé, Shelisheli, wakafika tarehe 1 Machi, ni meli ya Kifaransa ya kuvua jodari. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Carnival Triumph katika Ghuba ya Meksiko: watu zaidi ya 4,200, moto chumba cha mashine, siku nne bila vyoo vya maana.

Baada ya aibu ile, Mei 2013, kampuni wanachama wa chama cha biashara ya meli za kitalii, CLIA, zilikubali hati ya haki za abiria. Safari ikifutwa kwa sababu ya mashine, nauli inarudi yote. Ikikatwa njiani, inarudi sehemu. Ukishushwa bandari isiyo yako ukalazimika kulala, malazi ni juu yao, na usafiri wa kukurudisha ni juu yao. Ila isome tena kwa utulivu: inazungumzia safari iliyofutwa au iliyokatizwa. Bandari mbili zilizorukwa katika safari iliyokwisha kwa tarehe yake hazimo. Hapo unarudishwa kwenye mkataba wa tiketi, na karibu kila mkataba wa aina hii unampa nahodha ruhusa ya kubadili njia, kuacha bandari au kuweka nyingine. Tiketi inauza bahari, kitanda na chakula. Bandari haiuzi, inazitaja tu.

Habari mbaya yenye saa yake

Usiku ule nilishuka mapokezi kuulizia fedha za ziara ya Geiranger. Foleni ilifika ngazini. Bwana mmoja alikuwa akimfokea binti wa Kifilipino ambaye nina hakika hajawahi hata kuiona hiyo mota. Nikaitambua sauti ile. Nimeisikia miaka 31 wodini. Ndugu wa mgonjwa hafoki kwa sababu mgonjwa amezidiwa. Anafoka kwa sababu amekaa saa nne kwenye kiti cha plastiki na hakuna aliyemwambia kitu.

Uvumi ukajaza pengo. Tunarudishwa kwa ndege. Hapana, meli inapelekwa chelezoni Ujerumani. Wenzetu wakawaza masanduku, mimi nikawaza paspoti. Visa ya dada na shemeji ya kuingia Norway ilikuwa na idadi ya siku. Meli ikikwama wiki nzima, mwenye paspoti ya Uingereza anaagiza kahawa nyingine, mwenye paspoti ya Tanzania anahesabu vidole. Niliomba mapokezi waniandikie barua kwamba ucheleweshaji, ukitokea, ni wa meli. Niliandikiwa kwa dakika kumi, na barua hiyo ndiyo iliyonipa usingizi. Dawa za presha za dada hazikunihangaisha: safari ya siku 7, nilimfungia za siku 14. Uuguzi haustaafu.

Asubuhi yake nahodha akafanya jambo moja la busara. Alisema atazungumza nasi kila siku saa 6 mchana, awe na jipya au hana. Siku ya kwanza alitueleza kwamba kipuri hakipatikani Norway. Siku ya pili alisema: "Sina jipya la kuwaambia," akatupa hali ya hewa, akanyamaza. Foleni ya mapokezi ikapungua hadi watu watatu. Mota ilikuwa imekufa vile vile na Geiranger haikurudi, ila sasa habari mbaya ilikuwa na saa yake, na mtu angeweza kunywa chai hadi ifike.

Bergen, siku mbili na mvua

Bergen ilitupokea kwa mvua, kama inavyowapokea wengi. Shemeji alibaki kabini. Dada akasema ameikalia meli vya kutosha, tukatoka na miavuli hadi Bryggen, safu ya nyumba za mbao ukingoni mwa bandari, mahali palipokuwa na maghala ya wafanyabiashara wa Kijerumani tangu zama za kati. Mali yao ilikuwa samaki mkavu kutoka kaskazini, anayeanikwa kwenye upepo wa baridi bila chumvi, akabadilishwa kwa nafaka.

Dada akasimama katikati ya uchochoro wa mbao, maji yakimtiririka kwenye mwavuli. "Kumbe ng'onda ndiye aliyejenga nyumba hizi? Basi hapa ni Malindi yetu ya Unguja tu, imetiwa baridi."

Hapo ndipo alipoanza kuzungumza, baada ya siku mbili za ukimya. Alinikumbusha marehemu baba, karani wa forodha Unguja, alivyokuwa akitusimulia majahazi ya Ghuba ya Uajemi: yalikuja na kaskazi, yakasubiri kusi ndipo yarudi. Nahodha akivunjikiwa mlingoti alikaa hadi utengenezwe, na upepo ukimpita aliungoja mwingine. Watu wa majahazi waliahidiana msimu. Tarehe ni ahadi ya mashine, na mashine, alisema dada, haina dini.

Sikumjibu kwamba tarehe tuliilipia. Niliweka hoja hiyo kwa ajili ya barua.

Barua niliiandika wiki tuliyorudi. Ada za bandari mbili tulikuwa tumerudishiwa melini, na ziara ya Geiranger, kwa kuwa niliinunua kwa meli yenyewe, ilirudishwa bila kuomba. Jirani yetu wa kabini aliyekodi boti yake mwenyewe mtandaoni hakupata kitu, na bima yake haikuwa na kifungu cha bandari iliyorukwa. Uingereza huihesabu safari kama hii kuwa kifurushi, na kanuni za 2018 zinakuruhusu kudai punguzo la bei iwapo ulichopewa hakilingani na ulichouziwa. Nikaorodhesha: bandari nne zilizotangazwa, mbili zilizofikiwa, tarehe na saa za kila tangazo. Sikutukana wala sikulia. Kampuni ilijibu mwezi wa pili baada ya barua, kwa asilimia 15 ya nauli. Shemeji alisema ni kidogo. Nikamwambia bila saa zile nilizoziandika kwenye kidaftari tungepewa pole.

Dada amerudi Unguja bila picha ya maporomoko. Aliwapelekea wale wawili kipande cha samaki mkavu wa Norway, kigumu kama ubao, wakakiloweka siku tano kabla hakijakubali kupikwa na nazi. Kila Jumamosi saa 6 mchana kwa saa za Unguja simu yangu inalia. Naipokea, nasikia sauti yake nzito ya kumwigiza nahodha: "Sina jipya la kukwambia." Halafu anazungumza saa nzima.