Kamongo: Samaki ajizikaye matopeni kuukwepa ukame

KAMONGO si mwenyeji wa Ziwa Baringo. Aliletwa katika ziwa hilo, lililo zaidi ya kilomita 100 kaskazini mwa Nakuru, katikati ya miaka ya 1970, na baada ya takriban mwongo mmoja alikuwa tayari akivuliwa kwa biashara. Makao yake ya asili ni Ziwa Victoria na vinamasi vya Afrika Mashariki na Kati.

Kinachomtofautisha na samaki wengine ni kupumua. Matamvua yake ni dhaifu, na hewa nyingi anayohitaji huivuta kwa mapafu, akipanda juu ya maji kila baada ya muda. Akinaswa wavuni asiweze kupanda, hufa maji kama mnyama wa nchi kavu.

Mapafu hayo ndiyo humwezesha kuishi pale maji yanapotoweka. Kinamasi kikianza kukauka, kamongo huchimba tope laini kwa kinywa na kulitoa kupitia matamvua. Akishazama vya kutosha hugeuka, kichwa kikaelekea juu, kisha hujikunja na kujifunika uso kwa mkia. Ngozi yake hutoa ute mwingi ambao hukauka na kuwa kifuko kigumu kinachozuia unyevu usimtoke. Tundu dogo huachwa kinywani ili apate hewa.

Humo ndani hali wala hanywi. Moyo hupiga polepole na mwili hutumia nguvu kidogo mno. Mwanasayansi wa Marekani, Homer Smith, aliyeandika kitabu kiitwacho 'Kamongo' mnamo 1932, alichunguza jinsi samaki huyu anavyojilisha kwa nyama ya misuli yake mwenyewe.

Hatari nyingine ni sumu. Samaki wengi hutoa uchafu wa mwili kama amonia, ambayo husombwa na maji. Kwa kuwa kamongo aliyejizika hana maji, huigeuza amonia kuwa urea, isiyo na sumu kali, na kuihifadhi mwilini hadi mvua inyeshe. Kwa kawaida husubiri miezi kadhaa. Katika maabara, baadhi wamehimili zaidi ya miaka mitatu.

Hata hivyo, kujizika ni hatua ya mwisho, wala si desturi ya kila mwaka. Aishiye katika ziwa lisilokauka huenda asijizike maisha yake yote. Lakini maziwa ya Bonde la Ufa hayatabiriki: Ziwa Nakuru lilikaribia kukauka katikati ya miaka ya 1990, ilhali tangu 2010 maji ya Nakuru na Baringo yamepanda hadi kufunika mashamba, nyumba na barabara.

Ustadi huo wa kuushinda ukame haumkingi dhidi ya binadamu. Dume hutengeneza kiota katika majani ya kinamasi na kuyalinda mayai na vifaranga. Mafunjo yakifyekwa na kinamasi kikageuzwa shamba, kamongo hupoteza mahali pa kuzalia. Tope linalomhifadhi nalo likilimwa, hugeuka mtego. Aliyejizika huvumilia kwa sababu maji hurejea. Yasiporejea, kifuko chake huwa kaburi.