Uzazi Usiwe Safari ya Kifo

Vifo vitokanavyo na uzazi nchini vilipungua kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 hadi 104 mwaka 2022. Twaipongeza hatua hiyo. Lakini hatuna budi kuuliza: je, mama wa kijijini Kisarawe anaifaidi kwa wakati?

Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua aweza kufa katika muda wa saa chache. Zahanati isiyo na akiba ya damu wala mpasuaji haina budi kumwahisha mbele. Ndiyo maana mpango wa m-mama, wenye namba 115 isiyotozwa malipo, ulizinduliwa kitaifa mwaka 2022.

Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Pwani iko Tumbi, Kibaha. Aliye Maneromango hutenganishwa nayo na barabara. Ndugu zetu wa Mafia, na bahari. Gari halivuki bahari.

Kwa hiyo twawataka viongozi wa Mkoa wahakikishe kwamba barabara za Kisarawe zapitika masika, na kwamba Kilindoni pana damu salama, mpasuaji na mtaalamu wa usingizi usiku na mchana. Nasi wananchi tujitolee damu mapema, kabla mama hajaihitaji.