Akiba Isiyotozwa Kodi: Mlango wa Mwanagenzi wa Kipawa

Pale Kipawa, Dar es Salaam, ndege zinapoinama juu ya mapaa kabla ya kugusa Uwanja wa Julius Nyerere, mtu wa kipato cha wastani aghalabu huiweka akiba yake katika upatu, au matofali ya nyumba isiyokwisha, au amana ya benki. Siku hizi limezuka la nne, nalo ni vipande, yaani sehemu za umiliki, vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Na maadamu simu ya mkononi imekuwa ndiyo duka la vipande hivyo, mwanagenzi hutakiwa achague kabla hajakijua anachokichagua.

Uingereza ilianzisha mwaka 1999 akaunti maalumu ambayo faida yake haitozwi kodi, na Afrika Kusini ikaanzisha yake mwaka 2015. Tanzania haina akaunti ya namna hiyo: kwetu msamaha umefungamanishwa na bidhaa inayonunuliwa, wala si na daftari inamoandikwa. Riba ya amana ya benki hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, hata mwenye kuandikiwa shilingi 100,000 akapokea 90,000. Gawio la kampuni zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam hukatwa asilimia 5. Ilhali riba ya hatifungani za Serikali, yaani hati za kuikopesha Serikali, za miaka mitatu na zaidi haikatwi kitu, na mwenye vipande akiurudishia mfuko vipande vyake, pato lake halitozwi kodi.

Hatifungani yenyewe huuzwa kwa mnada wa Benki Kuu, kupitia benki au dalali wa soko la mitaji, kuanzia shilingi milioni 1. Asiye na kiasi hicho huingia kwa mlango wa mfuko. UTT AMIS, taasisi ya Serikali, ndiyo kongwe: Mfuko wa Umoja, uliozinduliwa mwaka 2005, huchanganya hisa na hatifungani, Ukwasi ni wa mwenye kutaka fedha zake zipatikane upesi, Mfuko wa Hatifungani, ulioanza mwaka 2019, hupokea mwekezaji kwa shilingi 50,000, na Mfuko wa Watoto hufunguliwa kwa jina la mtoto. Kando yake wamesimama washindani, kama vile Mfuko wa Faida wa Watumishi Housing, na mifuko ya iTrust, miongoni mwayo ukiwamo Imaan kwa mwenye kujiepusha na riba kwa sababu ya dini. Anayetaka hisa zenyewe naye hununua kwa programu ya Hisa Kiganjani.

Basi kwa kuwa vipande vya mifuko hii vyote hupata msamaha huohuo, kodi haiwezi kumchagulia mtu mfuko. Mizani ya haki ni muda. Ada ya shule inayodaiwa Januari haina haja ya kwenda kuyumba pamoja na bei za hisa, na mahali pake ni Ukwasi. Fedha za kuezekea nyumba baada ya miaka mitano zaweza kukaa katika hatifungani. Na za mtoto aliye chekechea zina wasaa wa kustahimili kupanda na kushuka kwa hisa za Umoja. Anayeyageuza haya, akatia ada katika hisa, huenda akalazimika kuuza siku ambayo bei imeanguka, na hapo msamaha wa kodi haumfai kitu, kwani hasara haina kodi ya kusamehewa.

Fauka ya hayo, tahadhari ni sharti. Bodi ya Bima ya Amana hukinga amana ya benki hadi shilingi milioni 7.5, lakini kinga hiyo haivifikii vipande. Kabla ya kutuma shilingi ya kwanza, mtu aulize kama mfuko una leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, benki gani inatunza mali yake, na makato ya kutoka ni kiasi gani. Waliopoteza akiba zao katika DECI, mpango wa upatu wa piramidi uliosimamishwa mwaka 2009, walivutwa na ahadi ya faida, wala hawakuuliza inatoka wapi.

Kwa hiyo aanzaye na aiandike kwanza tarehe atakapozihitaji fedha zake, kisha ndipo aifungue simu.